Rupia Tano na Msumari

Keti, mjukuu wangu. Sogeza kigoda karibu na dirisha, maana macho ya kuka wako siku hizi yanataka jua, taa hayaitaki tena. Tandika hicho kitambaa mezani uzipange rupia zako tano juu yake. Usinieleze tena ulikozipata. Umenieleza jana usiku mara tatu, na kila mara hadithi ilirefuka. Leo tuziache sarafu zenyewe ziseme.

Miaka arobaini na ushei nimekaa katika mji huu wa Kitale nikitengeneza saa. Simu za mkononi zilipokuja saa zikapungua, watu wakaanza kuniletea sarafu. Wanatoka Kiminini na Endebess, wanatoka Kimilili, Chwele, hata Webuye, wamezifunga kwenye leso au katika karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto. Maneno yao hayatofautiani: mzee fulani amefariki, ghala lake limebomolewa, chini yake kumekutwa mkebe, na yuko tajiri Nairobi anayenunua kwa mamilioni ila ana haraka. Nimechoka, sikufichi. Kinachonichosha ni kumweleza mtu leo jambo jepesi ambalo lingemfaa juzi, kabla pesa hazijakwenda kwa M-Pesa. Nawe umeuza magunia kumi ya mahindi, na ndani yake zilikuwa mbegu na mbolea ya msimu ujao. Duka langu unalijua tangu ukiwa unatambaa. Ulipita mlangoni siku ile ile, pesa ziko mfukoni, hukuingia.

Basi chukua hiki kioo cha jicho. Kishike karibu na kope, kisha ilete sarafu kwenye kioo; usiinamishe kichwa kuifuata. Tafuta mwaka. 1888, vizuri. Sasa shuka chini ya ile nane ya mwisho. Unaona kovu dogo limejipinda kama ukucha wa mtoto mchanga? Weka hiyo kando, chukua ya pili. Nane ya mwisho. Kovu lipo? Ya tatu. Ya nne. Usiwe na pupa, tazama na ya tano.

Nyamaza kidogo ulifikirie hilo.

Sarafu ya kweli hugongwa. Kipande cha fedha huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma cha pua, mtambo ukashuka kwa kishindo, na sura ikatokea safi. Makovu inayapata baadaye, njiani: katika mfuko wa mpagazi, kwenye sanduku la duka la Mhindi, chini ya kwato za ng'ombe. Kila moja hupita njia yake na kupata kovu lake. Sarafu tano haziwezi kuanguka mahali pamoja, kwa pembe ile ile, juu ya jiwe lile lile. Hizi zako zilizaliwa na kovu. Kuna mtu alipata rupia moja iliyokuwa na alama hiyo, akaikandamiza kwenye kalibu, akasubu madini humo mara kadha wa kadha. Watoto wote wakarithi kovu la mama.

Ukiisha kuliona hilo, mengine yatajifungua yenyewe. Igeuze uutazame ukingo. Huo mstari mwembamba unaozunguka ni mshono, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana; wamejaribu kuufuta kwa tupa, na tupa imekula meno ya ukingo upande mmoja. Pitisha kidole juu ya herufi. Zimelegea kama sabuni iliyokwisha kuogewa. Herufi ya sarafu iliyogongwa husimama, hata ikichakaa huchakaa kuanzia juu, mizizi yake ikabaki na pembe. Na hivyo vitundu vidogo kama vya mkate ni hewa iliyonaswa madini yalipokuwa yakipoa. Weusi huo uliodhani ni uzee ni rangi ya viatu. Jana nilisugua mojawapo kwa pamba, na pamba hiyo iko kwenye kisahani, inuse.

Nilikwenda nayo kwa sonara pia. Sonara hahitaji kujua historia, ana mizani. Rupia uzito wake ni tola moja kamili, gramu 11.66. Ndivyo ilivyokuwa rupia ya Uhindini, ya Kampuni ya Waingereza, hata ya Wajerumani kule Tanganyika, kwa sababu mfanyabiashara wa pwani asingepokea iliyopungua. Rupia iliyochakaa sana hupoteza kidogo tu. Yako ilikuwa gramu 8 na ushei. Mizani hiyo iko hatua mia mbili kutoka pale stejini ulipokutana na yule mtu aliyekuuzia.

Labda utaniuliza: je, rupia ya Mombasa ya 1888 haikuwahi kuwapo? Ilikuwapo, na ndiyo maana wanaoghushi wanaiga hiyo. Mwaka huo kampuni ya William Mackinnon, Imperial British East Africa Company, ilipewa hati ya kifalme itawale na kufanya biashara huku kwetu, nayo ikapiga sarafu zake zenye jina la Mombasa. Rupia zilitoka Birmingham, kiwanda cha Heaton, kile kilichokuwa kikiweka herufi H. Pesa ndogo za shaba zilikuwa na picha ya mizani. Kampuni ilishindwa na gharama, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua nchi. Kwa hiyo ni sarafu za miaka michache, na chache hizo zilizunguka zaidi pwani.

Sasa rudi kwenye hadithi uliyouziwa. Ati bibi mmoja wa Chwele alilipwa rupia hizi na Kampuni kwa kuuza mtama, akazizika. Mjukuu wangu, wewe umesoma. Mwaka 1888 nani alikuwa akilipa rupia chini ya Mlima Elgon? Misafara iliyopita Mumias ilinunua chakula kwa shanga, kwa waya wa shaba, kwa kitambaa cha amerikani. Waingereza walipowapiga babu zetu pale Chetambe ilikuwa 1895, na nchi yetu hii ilihesabiwa kuwa upande wa Uganda mpaka 1902. Rupia ilitufikia kwa nguvu pamoja na kodi ya nyumba na reli. Mpagazi mmoja angeweza kufika na sarafu ya Mombasa kiunoni, hilo silikatai. Lakini tano, kwa bibi mmoja, chini ya ghala moja? Kabla ya kukagua sarafu, kagua hadithi. Mara nyingi hiyo ndiyo husubiwa kwanza.

Nifungulie ile droo ya chini. Hiyo kamba, ilete taratibu.

Hizi zilikuwa za baba yangu. Alilima mahindi katika shamba la mzungu upande wa Endebess, na mshahara wake alikuwa akiupitisha kwenye kamba hii, maana senti hizi zina tundu. Hii kubwa ni peni, senti kumi. Tazama pembe mbili za ndovu zilivyolikumbatia tundu. Nyepesi hiyo nyeupe, unayoiona kama kitu cha kuchezea, usiidharau: ni senti ya alumini ya 1907, miongoni mwa sarafu za kwanza za alumini kutumiwa popote duniani. Iliharibika upesi katika joto na unyevu wetu, na miaka miwili baadaye wakaleta ya shaba na nikeli. Ungepewa hiyo pamoja na rupia zako, ungetupa ya kweli ukaweka za uongo, kwa sababu moja ni nyepesi na nyingine ni nzito. Uzito haupimwi kwa kiganja. Kila sarafu ina uzito wake iliopangiwa, na huo umeandikwa vitabuni.

Soma hii nyingine. 1936, jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo alikalia kiti tangu Januari hadi Desemba mwaka huo, akajiuzulu kabla ya kuvikwa taji. Kule kwao hapakutoka sarafu ya matumizi yenye sura yake. Lakini senti zetu zilikuwa na tundu katikati, hazikuhitaji sura, jina lilitosha; kwa hiyo zikapigwa kwa wingi na kuletwa. Kijana mmoja alinijia hapa akitetemeka kwa furaha, ameambiwa peni ya Edward inanunua nyumba Milimani. Ilikuwa ya kweli kabisa. Bei yake haikuzidi sana nauli ya matatu kutoka hapa hadi Bungoma. Aliondoka amekasirika, kana kwamba nimemwibia. Ile ya kweli hulipa kidogo, naye muuzaji wa bandia anajua kwamba hatupendi kuambiwa hivyo.

Ila ukiletewa shilingi ya simba yenye kichwa cha Edward, irudishe. Haikuwahi kutumika. Ukiona sarafu ya mfalme wa Uingereza iliyoandikwa KENYA, irudishe. Zetu ziliandikwa EAST AFRICA mpaka shilingi ya Kenya ilipotoka mwaka 1966. Ukiona ya 1950 bado inamwita mfalme kaisari wa Uhindi, jiulize, maana Uhindi ilikuwa huru tangu 1947. Ile sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio iko hapo ukutani: hakuna hata moja kati ya hizi za zamani iliyo na chuma, basi ikinasa kwenye sumaku, umemaliza kazi. Isiponasa hujamaliza, risasi na zinki nazo hazinasi.

Na mwaka peke yake usikutishe wala usikushawishi. Reale ya Maria Theresa, ile fedha kubwa iliyotumika Uhabeshi na pwani za Bahari ya Shamu, imeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo. Zilizopigwa baada ya hapo zote zimeandikwa 1780, ziwe za Vienna, Rome, London, hata Bombay, kwa sababu Waarabu na Wahabeshi hawakutaka nyingine. Hiyo ni ya kweli ingawa mwaka wake si wa kweli. Ukingo wake una maneno ya Kilatini yaliyoinuka, na hapo ndipo wengi wanaoghushi hushindwa. Wamarekani nao wana jambo kama hilo. Walipokuwa bado koloni, fundi mmoja wa Boston aliyeitwa John Hull alipiga shilingi zenye mti wa msonobari, na karibu zote ziliandikwa 1652 ingawa kazi yake iliendelea kama miaka thelathini. Leo nakala za shilingi hiyo ni nyingi kuliko zenyewe. Hutengenezwa kuwa ukumbusho, za watoto na wageni, hapana ubaya. Ubaya ulianza watu walipoziuza kuwa za asili. Ndipo mwaka 1973 Marekani ikatunga sheria: nakala yoyote ya sarafu ichongwe neno COPY juu ya uso wake. Likumbuke neno hilo, nitalirudia.

Juu ya zile sarafu zinazodaiwa kuvuta mchele, zebaki nyekundu, na tajiri wa Uarabuni, sitapoteza pumzi. Mwaka 2009 watu wa Saudia walinunua cherehani kuukuu za Singer kwa bei ya magari kwa uvumi wa zebaki hiyo. Haikuwamo. Haipo.

Mambo mawili zaidi kabla sijafika kwenye lile lililoninyima usingizi. Usisafishe sarafu ya zamani kwa ndimu, mchanga wala steelwire; ule weusi wa miaka ni ngozi yake, ukiichuna umeiua. Na kama siku moja utakutana na rupia ya Mombasa iliyo ya kweli, ujue kwamba sheria yetu ya makumbusho ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakitolewi nje bila kibali. Ipeleke pale Makumbusho ya Kitale. Kanali Stoneham aliyekusanya vitu hivyo na kuanzisha makumbusho yake mwaka 1926 alikuwa mzungu mlowezi, lakini alipokufa 1966 aliviacha, na tangu 1974 vina nyumba yake mjini petu. Watu wa huko hawatakucheka.

Sasa lile lenyewe. Nyanya yako ameniambia kwamba siku ya soko unataka kwenda Chwele. Kwamba umepata mtu huko, mwalimu mstaafu, atakayezinunua zote tano, na kwamba utakuwa umerudisha chako.

Usiiname. Nitazame.

Mwaka 1978 nilikuwa kijana kuliko ulivyo sasa. Dereva mmoja wa lori aliniuzia sarafu moja ya dhahabu ya Tabora, ya rupia kumi na tano. Wajerumani walipozingirwa katika vita vya kwanza, mwaka 1916, walizipiga sarafu hizo katika karakana ya reli pale Tabora kwa dhahabu ya Sekenke: ndovu ameinua mkonga, nyuma yake milima, na herufi T. Zilikuwa 16,198 tu, na kila anayependa sarafu anaitamani. Nililipa mshahara wa miezi minne. Nilipompelekea sonara, aliipasha moto kidogo ukingoni akanirudishia bila neno. Shaba iliyopakwa dhahabu.

Nilifikiri kama unavyofikiri wewe: mimi sikuitengeneza. Mimi pia nimetapeliwa. Mwizi ni yule dereva. Nikamuuzia mwalimu mmoja wa Bungoma, mtu mpole aliyekuwa akinijia kutengenezewa saa. Sikumhakikishia kwamba ni dhahabu. Nilimwambia tu nilivyoambiwa mimi, bila kumwambia nilichoambiwa na sonara. Nilipata pesa zangu zote, nikalala.

Aliiweka miaka sita. Mwanawe alipoitwa shule ya bweni, aliitoa sandukuni akaenda nayo kuiuza, akaambiwa. Mtoto alichelewa muhula mzima. Nilisikia kwa watu wengine. Nikamngoja aje kunigombeza, nikatayarisha maneno ya kumjibu, maana maneno nilikuwa nayo mengi. Hakuja kugomba. Alikuja na saa yake kama kawaida, akaniuliza habari za nyumbani, akalipa, akaenda. Aliendelea kuja na kunisalimu mpaka alipofariki. Hakuitaja hata siku moja, na mimi nilikosa mdomo wa kuitaja. Pesa zake ningeweza kumrudishia nikiwa nimekwisha kufungua duka hili, nilikuwa nazo. Kila alipotoka mlangoni nilijiambia, akija tena.

Dereva wa lori alinidanganya mara moja, sura yake siikumbuki. Yule mwalimu namkumbuka mpaka mishono ya koti lake.

Magunia yako kumi yamekwenda, mjukuu wangu. Nimezungumza na baba yako. Mbegu tutatafuta, mbolea tutapunguza, ekari mbili zitapandwa maharage mwaka huu badala ya mahindi. Ni hasara, tutaila pamoja, na haitatuua. Kwa yule mtu wa stejini, tutakwenda pamoja kituoni ukaandikishe, ukiwa na namba ya simu uliyotumia pesa. Sijui kama atapatikana. Utaandikisha hata hivyo, ili atakayefuata baada yako asiambiwe kwamba ni wa kwanza.

Na hizi tano sitazitupa. Mtu atakuja hapa kesho kutwa na leso yake, na nitataka kumwonyesha kovu chini ya nane kabla hajatuma pesa. Lakini haziondoki mezani zikiwa na uso mtupu. Nimekwisha kuchonga mbili asubuhi, ulipokuwa umelala. Soma: NAKALA. Herufi zangu zimepinda, mkono hautulii tena.

Msumari huu hapa. Shika karibu na ncha, ukandamize, usikwaruze. Zimebaki tatu.